Sahani Iliyochelewa

Al Baraha, Dubai
6 Februari 2015

Monicah mdogo wangu,

Kwanza salamu, na la pili lawama. Kila nikikupigia simu unanijibu "sawa madam, ndiyo madam", kisha unaniambia mtandao mbovu. Umekaa nyumbani kwangu miaka kumi na mmoja, hukuwahi kuwa na maneno machache hivyo. Nimeamua kukuandikia kwa kalamu, nawe unijibu kwa kalamu. Karatasi haina mtandao, huna pa kujificha.

Jana, Alhamisi ya mwanzo ya mwezi, siku yetu ya zamani, mimi na Rahaf tulikwenda mkahawani kwa Wathai, pale petu Al Mankhool. Tangu uondoke sikutia mguu pale. Mwanangu ndiye aliyenivuta. "Mama, twende tukale kwa ajili ya Monicah." Tukakaa meza ile ile ya pembeni, karibu na tangi la samaki. Samaki wenyewe hawapo tena, siku hizi tangi wamelitia maua ya plastiki.

Chakula nusu kwa nusu. Supu ya ndimu na mchaichai bado ni ile ile, imenitoa jasho na machozi kwa pamoja. Tambi za kukaanga zilikuwa zimegandana, ukiinua uzi mmoja zinakuja zote, wala hazikuwa na kamba hata mmoja. Zamani Rahaf akiletewa tambi zake zimejaa kamba mpaka unatafuta tambi ziko wapi. Wali wa nanasi ulikuja baridi, nikaurudisha, ukaja tena moto juu na baridi chini. Na hao wahudumu! Msichana mmoja wa Kifilipino, Mungu amweke, kila nikigeuka yuko tayari. Mwenzake tulimwomba maji mara tatu, na mara ya tatu akatuletea bili. Rahaf alicheka mpaka watu wakatutazama.

Nikaagiza na sahani yako. Mchuzi wa kijani wa nazi, wenye kamba wakubwa wa baharini. Nikauweka mbele ya kiti chako, usinicheke. Nilikaa nakitazama kile kiti nikakukumbuka siku ya kwanza, mwaka 2002, umetoka kwenu wiki tatu tu, umekaa kwenye ncha ya kiti kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Nikakuagizia mchuzi huo, nikakuuliza, "Mzuri?" Ukasema, "Mzuri sana, madam." Tangu siku hiyo sikukuagizia kingine. Marehemu mume wangu Ghanim, Mungu amrehemu, alikuwa akiniambia nakudekeza, madam gani anamweka mfanyakazi wake meza moja na kumlisha kamba. Nikamwambia huyu si mfanyakazi, huyu ni ndugu yangu.

Na unakumbuka nilivyokuwa nikiwagombeza kwa ajili yako? Sahani zetu zote zimefika, yako haiji. Kila Alhamisi yako inachelewa. Nikasema hawa wanaona ni mfanyakazi, ndiyo maana wanamweka nyuma, na mimi sikubali. Jana haikuchelewa, ila mlaji hakuwepo. Rahaf akaivuta akaila yote, akasema yeye ameshazoea.

Sasa neno lenyewe. Rahaf anaolewa Desemba. Mume anaitwa Faris, kijana wa Al Ain, na atamchukua huko. Nitabaki mimi na kiyoyozi. Rudi, Monicah. Kipande cha ukaazi kitaandikwa khadama, mtumishi wa nyumbani, maana serikali haina neno jingine, lakini mimi na wewe tunajua. Nijibu ndiyo au hapana.

Nduguyo,
Saleha


Keroka, Nyamira
2 Machi 2015

Madam Saleha,

Barua yako imefika salama. Karani wa posta aliigeuza mara mbili akaniuliza ni nani huyo bado anaandika kwa mkono. Niliisomea shambani, katikati ya majani chai. Nilikuwa nacheka na kulia, mama akadhani nimeletewa habari ya msiba.

Mpe Rahaf hongera zangu. Sijui huyo Faris kama ameambiwa kwamba bibi arusi alikuwa halali bila kushika sikio la mtu. Miaka mitano lilikuwa langu. Nafikiri hadi leo la kushoto ni refu kuliko la kulia.

Umenikumbusha Alhamisi. Kuna mambo mengi ya Dubai nimeyasahau, lakini hizo siku ziko wazi. Tangu alasiri wewe unachoma udi, unanifukizia hadi kwa nywele, mimi napiga chafya. Mzee Ghanim anapiga honi chini. Rahaf anagombania dirisha. Halafu tunafika, na yule mama mwenye mkahawa anasimama mlangoni, anaunganisha viganja na kuinama, wewe unamjibu "Wa alaykum salaam" kana kwamba hicho ndicho alichosema. Sijawahi kukuambia, lakini kila mara nilikuwa nangoja hiyo salamu yenu nicheke moyoni.

Ramathan bado yuko? Yule Mganda mrefu aliyekuja mwaka 2008. Ukimwona mwambie Monicah anamsalimia, na kwamba nimejaribu kupika ule mchuzi wake huku nikashindwa, mchaichai wetu ni wa chai tu.

Kuhusu kurudi, nipe muda. Magoti ya mama yanamsumbua msimu huu wa mvua, na majani hayangoji mtu. Nitakujibu.

Wako,
Monicah


Al Baraha, Dubai
10 Aprili 2015

Monicah mpenzi,

Nina habari. Kaa chini kwanza. Nimekulipizia kisasi.

Alhamisi ya wiki iliyopita nilirudi kwa Wathai peke yangu, kupeleka salamu zako. Ramathan yupo. Amenenepa, amevaa tai, sasa ndiye mkubwa wa wahudumu. Kumbe ile Februari alikuwa likizo kwao Masaka, ndiyo maana tulihudumiwa ovyo. Mara hii maji yalifika kabla sijayaomba, na wali ulikuwa moto juu na chini. Supu ndiyo iliyoharibika, ndimu tupu, wamepata mpishi mpya. Watu hawa siku moja hawapatii vyote.

Nikamwambia Monicah anakusalimu. Uso ukamng'aa. "Sista Monicah! Mama, mwambie kuku wake bado tunamkumbuka hapa." Nikamuuliza kuku gani? Monicah hali kuku hapa, mimi ndiye ninayemwagizia, na namwagizia kamba. Akacheka, kisha akaniangalia akaona sicheki. Akaanza kuifuta meza iliyokuwa safi. "Samahani Mama, nimechanganya na mteja mwingine."

Mimi si mtoto, Monicah. Nilikaa pale nikaunga moja na moja. Kumbe ndiyo maana sahani yako ilikuwa ikichelewa! Anakwenda jikoni anawatoa kamba, anakula na wenzake, wewe anakutilia vipande vya kuku, kwa kuwa anakujua mpole na huwezi kusema mbele yangu. Mtu wa kwenu Afrika, anajua lugha yako, halafu ndiye anayekudhulumu. Damu ilinipanda. Nikamwita meneja. Huyu ni mgeni, hatujui. Nikamweleza mbele ya watu wote kwamba mtu wake huyu amekuwa akimwibia mdogo wangu chakula mdomoni kwa miaka. Ramathan alisimama mikono nyuma, hakujitetea kwa neno hata moja, na hilo likanipa uhakika. Meneja akasema, "Madam, niachie mimi."

Juzi nimempigia. Amenambia wamemfukuza. Khalas.

Nimekuandikia upesi ili ufurahi. Wewe ulinilelea mwanangu, na mimi angalau nimekusimamia mara moja. Jibu langu bado nalingoja, usidhani nimesahau.

Nduguyo,
Saleha


Keroka
4 Mei 2015

Madam,

Leo sitaanza na salamu. Barua yako niliisoma pale pale kwenye ngazi za posta. Nimeandika jibu mara tatu na kulichana. Hili la nne nalituma hata kama litakuudhi.

Ramathan hakuniibia chochote. Mimi ni Msabato, madam. Nilizaliwa Msabato, mama yangu ni shemasi kanisani. Sisi, kama ninyi, hatuli nguruwe, na tena hatuli kiumbe cha majini kisicho na mapezi na magamba. Kamba ni haramu kwangu kama nguruwe alivyo haramu kwako. Sasa soma tena hiyo sentensi, halafu ufikirie sahani yangu.

Ile siku ya kwanza nilikuwa na wiki tatu Dubai. Nyumbani walikuwa wameniambia jambo moja tu, usimkatalie madam. Ukaweka hiyo sahani mbele yangu, ukaniuliza mzuri, Mzee ananitazama, mtoto ananitazama. Nikasema mzuri sana. Sikuwa hata nimeuonja. Nilifikiri ni siku moja tu, itapita. Mwezi uliofuata ukasema, "Mletee Monicah ule wake." Ukawa wangu.

Kwa miaka sita sikula kitu kwa Wathai isipokuwa wali mkavu. Nilikuwa najifanya namkatia Rahaf chakula chake, huku nawahamishia kamba kwake mmoja mmoja. Mchuzi nilikuwa nauchanganya na wali na kuusukuma pembeni. Tukirudi nyumbani ninyi mkaenda kulala, mimi nakunywa chai na mkate nimesimama jikoni. 

Halafu akaja Ramathan. Alinihudumia mara mbili tu akaona. Nilikuwa naosha mikono, akaja karibu akaniuliza pole pole, "Sista, mbona huli? Wewe ni mgonjwa ama ni dini?" Mtu wa kwanza kuniuliza. Nikamweleza, nikamwomba asikwambie, maana ungeaibika na mimi ningeonekana mwongo. Tangu siku hiyo ukiagiza kamba, yeye anaenda jikoni anasimamia mwenyewe, napikiwa mchuzi mwingine wa kuku katika sufuria safi. Kusubiri sufuria ndiko kulikochelewesha. Na kamba wako hawakuliwa na mtu. Alimwambia mpishi awatie kwenye tambi za Rahaf. Ulikuwa ukizisifu sana hizo tambi, ukisema Wathai hawana uchoyo.

Kila mara ulimgombeza kwa kuchelewa, mbele ya wateja, na kila mara alisema, "Samahani, Mama." Mimi nimekaa pale nimeinamisha kichwa. Hata juzi alinyamaza kwa sababu nilimwapisha. Ana watoto watatu Masaka.

Nimekasirika, madam. Nimejikasirikia mimi kwanza, kwa sababu ningesema neno moja mwaka 2002 haya yote hayangekuwa. Lakini hata wewe nimekukasirikia. Umeandika kwamba mimi ni ndugu yako. Miaka kumi na mmoja hukuniuliza ndugu yako anakula nini. Uliniagizia, halafu ukajisifu kwa kuniagizia.

Nenda ukaseme ukweli kwa huyo meneja. Na jibu lako ni hapana. Sirudi.

Monicah Kerubo


Al Baraha, Dubai
28 Juni 2015
Mwezi 11 Ramadhani

Monicah,

Nimechelewa kukujibu, na sitakuficha sababu. Nilikuandikia barua ya kwanza siku ile ile niliyopokea yako. Ilikuwa mbaya sana. Nilikuita mnafiki. Nikaandika kwamba nilikuchukua nikakuweka mezani kwangu wakati madam wenzangu wanawaacha wafanyakazi wao garini na watoto, na haya ndiyo malipo. Nikaifunga, nikaenda kumwita Rahaf aitie posta.

Rahaf akaniuliza mbona mama umelia. Nikamsomea barua yako, nikitaka na yeye ashangae. Hakushangaa. Akasema, "Lakini mama, mimi si ndiye nilikuwa nawala?" Nikamuuliza ulijua? Akasema alijua tangu ana miaka sita. Alidhani ni mchezo wenu wawili, na kwamba mimi naujua. Mtoto wa miaka sita alijua, mimi niliyekaa mbele yako sikujua. Nikaichana barua.

Nilidhani Mkristo anakula kila kitu. Huo ndio ujinga wangu, nausema wazi. Nilikulinda na nguruwe kwa sababu nguruwe ni haramu kwangu. Haikunijia kwamba na wewe una haramu yako. Nilikuona Jumamosi unajifungia na Biblia yako nikasema ni uchovu wa wiki.

Nilikwenda kwa meneja kabla ya mwezi kuandama. Nikasimama pale pale niliposimama mara ya kwanza, na sauti niliitoa ile ile, ili waliosikia uongo wasikie na ukweli. Meneja alisikiliza, lakini akasema nafasi ya Ramathan imeshapata mtu. Yule msichana wa Kifilipino akanifuata nje akanipa namba ya Ramathan. Nikampata. Ni mlinzi huko Jebel Ali, kwenye ghala la matairi.

Tulipanda metro, mimi na Rahaf. Nimekaa nchi hii miaka thelathini na moja, sikuwahi kupanda metro. Tulimkuta getini, juani, amevaa sare inayombana. Ana kiti kimoja cha plastiki, akanipa mimi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njia nzima, lakini nikasema tu, nimekukosea, baba, nisamehe. Akasema, "Mama, mimi nawe hakuna tatizo. Lakini kule nilikuwa mkubwa wa wahudumu. Hapa nafungua geti, nafunga geti." Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Nimemwandikia barua ya ushahidi, Rahaf ameitafsiri kwa Kiingereza, kwamba mtu huyu kwa miaka alimhudumia mgeni wangu vizuri kuliko nilivyojua mimi kumhudumia. Nimetia sahihi na namba yangu ya simu, aipeleke popote anapoomba kazi. Hilo ndilo nililoweza. Kazi yake mwenyewe sikuweza kuirudisha.

Lakini na wewe, Monicah! Nikishasema yote hayo, bado nina moja rohoni. Miaka kumi na mmoja! Tulizika pamoja. Ghanim alipokata roho ni wewe uliyenishika mikono. Hukuona hata siku moja ya kuniambia, Saleha, mimi hicho sili? Nimejiuliza, ungeniambia mwaka ule wa kwanza ningefanyaje. Ningependa kusema ningekukumbatia. Sina hakika. Huenda ningekwambia kula, usinitie aibu mbele ya watu. Najijua nilivyokuwa.

Sikuombi tena urudi. Nakuomba tu unijibu.

Saleha


Keroka
9 Agosti 2015

Mama Rahaf,

Nilidhani hutajibu. Mei ikapita, Juni ikapita, nikawa nakwepa kupita mbele ya posta nisimwone yule karani akitikisa kichwa. Hii yako ilipofika niliificha kifuani nikaenda nayo mpaka nyumbani, nikamsomea mama yote. Mama akasema huyo mwanamke anajua kuomba msamaha, wengi wetu hatujui.

Umeniuliza kwa nini sikusema. Mwanzoni ilikuwa hofu. Baada ya miaka miwili mitatu hofu iliisha, nilikujua, nilijua unabweka zaidi ya unavyouma. Kilichobaki ni kwamba ulikuwa unafurahi mno. Sahani yangu ikifika unaacha kuzungumza, unanitazama nipeleke kijiko mdomoni, unatabasamu kama umenipikia mwenyewe. Nani angeweza kukunyang'anya hiyo? Kwa hiyo na mimi nilikuamulia. Nilijiambia madam hawezi kuustahimili ukweli, bila kukuuliza. Kosa ni letu wawili, ingawa lako lina kamba.

Na usifikiri zilikuwa huzuni tupu. Tangu Ramathan alipokuja nilikula pale kwa raha kuliko mahali popote Dubai. Ule mchuzi wa kuku nauota hadi leo. Nikiwa nimeinama juu ya majani chai, mvua inaninyeshea, nawaona ninyi wote mezani, Mzee anachezea tasbihi, Rahaf na mashavu yamejaa, wewe unagombana na ulimwengu. Nilikuwa na furaha, Mama Rahaf. Ilikuwa ya kweli, ila haikuwa na jina.

Kwa hiyo nisikilize. Kama khadama sirudi, hata kipande kikiandikwa kwa wino wa dhahabu. Hiyo hapana ni ile ile. Lakini Rahaf nimemlea, na sitakubali aolewe nikiwa nasikia kwa simu. Nialike harusini. Nitakuja kama mgeni, siku kumi na nne, mama atakaa na dada yangu. Sitaingia jikoni. Nikikuta vyombo vimejaa nitavipita.

Monicah


Al Baraha, Dubai
1 Oktoba 2015

Monicah,

Rahaf ameruka ruka nyumba nzima na nguo mpya mwilini, fundi anapiga kelele pini zitamchoma. Anasema utakaa naye chumbani, na sikio uliandae.

Ramathan amepata kazi. Hoteli moja hapo Al Mankhool, ni mhudumu wa asubuhi, yuko chini ya wenzake, si juu yao, lakini yuko ndani, kwenye ubaridi, anabeba sahani. Alinipigia mwenyewe. Nimemwalika arusini pia, akacheka akaniuliza nitamlisha nini. Nikamwambia niambie wewe. Akasema kamba.

Sasa kuna jambo limenikwamisha. Jana nilikwenda ofisi ya kupigisha chapa, hapa Deira, kuomba viza yako ya ugeni. Kijana wa Kihindi yuko nyuma ya kompyuta, anapiga haraka kuliko ninavyosema. Jina la mgeni, tarehe ya kuzaliwa, pasipoti. Akafika penye uhusiano wa mwenyeji na mgeni. Akanisomea: mzazi, mtoto, ndugu, mwajiri, mengineyo, eleza. Akaweka vidole tayari akanitazama.

Wallahi mdomo ulikwishafunguka. Neno lilikuwa kwenye ulimi, nimelisema miaka kumi na mitatu, kwa Ghanim, kwa mashoga zangu, kwa meneja, mwisho wa barua zangu za kwanza. Nikaufunga. Yule kijana akauliza tena, "Madam, huyu nani wako?" Nyuma yangu watu wamepanga foleni mpaka mlangoni, mmoja ananihimiza yalla, yalla. Nikamwambia sijui, bado sijamuuliza mwenyewe. Akanitazama kana kwamba jua limenipata. Nikamwomba anichapie fomu na pale apaache wazi.

Fomu ninayo hapa mezani. Chochote utakachosema nitakiandika, hata kama ni mwajiri wa zamani. Sitakasirika. Nikikasirika hutajua.

Niandike nini?

Saleha


Keroka
19 Oktoba 2015

Saleha,

Andika ndugu. Kijana akitaka ushahidi, mpelekee barua zetu za mwaka huu azisome tulivyogombana. Khadama angekuwa ameshafukuzwa tangu Mei.

Monicah